Pau ya Thelathini na Saba

3 Machi

Mdogo wangu,

Pau thelathini na saba za vibrafoni yangu, vyuma vyote vya kugonga, ziliondoka hapa kuja kwako tarehe mosi Februari. Jana zilirudi thelathini na sita. Hujambo? Sisi wazima, ila nina hasira. Ile ndogo ya mwisho, yenye sauti ya juu kuliko zote, iko wapi? Nilianza kukodisha ala kwa ngoma moja iliyopasuka. Sikufika hapa kwa kugawa vipande.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Salamu zimefika, na makofi yake pia. Mimi mzima. Punguza moto, sikuiuza. Pau yako ilikufa. Nikiigonga, kimya, kama nimegonga mto wa kulalia. Nikalegeza kamba nikaichomoa isije ikaniaibisha mbele ya bendi. Mwezi ujao wanaamua kama wataniajiri. Nimeifunga humu.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Safari hii nauliza kweli. Nimeitundika pau kwa uzi, nikaigonga mara moja tu. Mwanangu katoka jikoni mbio: "Mama, kengele ya nani hiyo?"

Haijafa.

Unakumbuka birika la mama? Baba alipoacha kusikia mluzi wake likichemka, alisema limeharibika. Akanunua jipya. Nalo akasema limeharibika. Kagonga mabati maisha yake yote, na sisi tukamcheka. Nenda kwa daktari wa masikio.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Sisi hatujambo. Daktari wa nini? Nimechoka tu, wewe nawe unatafuta chawa kwenye kipara. Ila ajabu, vibrafoni mpya ya bendi nayo ina pau nne zilizokufa, zote za juu. Fundi kaja mara mbili, anasema nzima. Fundi gani huyo! Na kiongozi wa bendi analalamika eti nazipiga kama nachonga mawe.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zitasubiri. Jana nilikupigia simu, akapokea mkeo. Anasema ilikuwa inalia kando ya sahani yako, wewe unakula.

Pau naituma tena. Geukia ukutani, mkeo aigonge nyuma yako. Sitaki habari za uchovu wala za bendi. Kazi hapa kwangu ipo. Masikio ya kukukodisha sina.

Umeisikia au hukuisikia? Nataka neno moja, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Saa saba nitakuwa njiani kuja kwako.

Dada yako