Nilisema Buluu

Machakos,
Jumanne, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Naomba uisome barua hii ukiwa umeketi kibarazani, mwili wako u mzima, na mama akiwa karibu yako akiuliza nimeandika nini. Goti lake laendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyopewa na daktari wa Malindi imemfaa, au ameirudisha kabatini kama kawaida yake? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Jua la Machakos ni kali, mvua ya masika tunaingoja, na vumbi la barabarani laingia dukani hata nikifunga nusu ya mlango.

Najua umenipigia simu mara nyingi sikupokea. Usidhani nimekukasirikia. Simu ikilia naitazama tu mpaka inyamaze. Nikiipokea utaniuliza naendeleaje, nami sina jibu. Nala, nalala, nafungua duka, nafunga duka. Tangu tumzike Rukia, na wewe ukarudi zako Mambrui baada ya arobaini, mwili wangu umekuwa kama mkono ulioulalia: upo, waugusa, lakini hauhisi kitu. Sijalia bado. Majirani zangu wa Kikamba walikuwa wakija wakiniambia, "Mwaitu, lia mama, utapata nafuu." Nilikuwa nawajibu sawa, kisha naendelea kuchagua mchele. Kwa barua ni afadhali. Naweza kuinuka nikageuze mahamri kisha nikarudi, na hakuna mtu anayesubiri upande wa pili.

Nataka nikueleze habari ya Yusufu na diski, kwa sababu najua Kyalo amewasimulia kwa simu, na Kyalo husimulia kwa mbwembwe.

Unaijua kazi ya shemeji yako Yusufu. Duka letu la hapa karibu na msikiti lakodisha filamu, na yeye mwenyewe hupiga video za harusi. Baada ya msiba alikaa wiki nzima hapokei kazi. Kisha akatoa kanda moja kabatini, akaitia kwenye deki, akaitazama. Ni kanda ya Rukia, ya Maulidi ya mwaka jana, akisoma kasida na wenzake wa madrasa. Hatuna nyingine. Picha za karatasi tunazo, lakini anamotembea na kusema ni hiyo tu. Siku ile Yusufu hakuwepo. Alikuwa Katangi kwenye harusi ya watu, na kamera nzuri alikwenda nayo. Mimi ndiye niliyebeba ile kuukuu, ile nzito ya kuweka begani, nikampiga mwanangu nilivyoweza.

Basi akawa aitazama kila siku. Asubuhi kabla ya kufungua, na jioni tukishafunga. Mimi nilikuwa nakaa jikoni naisikia tu. Katikati ya kasida kuna mwanamke anacheka, kicheko kirefu cha mtu asiye na shida. Nilikisikia mara nyingi nikijiuliza ni nani huyu, mama wa mtoto gani. Siku moja nikiwa namenya viazi nikatambua kuwa ni mimi. Nikaendelea kumenya.

Kanda zile hazipendi kutazamwa sana. Ikaanza kuingia mistari, picha ikawa yaruka, kisha siku moja deki ikaitafuna kidogo mwanzoni. Yusufu aliitoa kwa vidole vyake, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Jioni ile hakula. Akaniambia, "Mwanajuma, hii kanda inakwisha. Lazima niitie kwenye kitu ambacho hakitakwisha."

Na kitu chenyewe akawa amekwisha kukisikia. Kyalo, mdogo wake, anafanya kazi kiwandani Athi River, lakini moyo wake uko kwenye mitambo. Kila anapokuja Jumapili huja na gazeti lenye picha za televisheni mpya. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba dividii za kawaida zinapitwa na wakati, kwamba zimekuja diski mpya ambazo picha yake ni safi hata waweza kuhesabu nywele za mtu. Kasoro ni moja tu. Zimekuja za aina mbili, na kampuni zimegawanyika, hawa upande huu, hawa upande ule. Diski ya aina moja haiingii kwenye mashine ya aina nyingine. Moja huitwa Blu-ray na huja katika kasha la buluu. Ya pili ni HD DVD, na kasha lake ni jekundu. Sisi nyumbani tukawa twasema buluu na nyekundu tu.

Dada, kwa miezi miwili nyumba hii haikuwa na maneno mengine. Yusufu alikwenda Nairobi mara kwa mara kuuliza madukani. Mwenye duka huyu humwambia nyekundu, wa pili humwambia buluu, kila mmoja akisifia alichonacho. Harusi zikampita, watu wakatafuta wapiga picha wengine. Akirudi huvua viatu mlangoni, na kabla hajanijulia hali aniambia alichosikia. Mimi namwekea chakula.

Jumapili moja walibishana mpaka muthokoi ukapoa sahanini. Kyalo alisema, "Kaka, sikiza. Mashine ya nyekundu ni rahisi kununua. Na hizi vitu mbili haziwezi ishi pamoja. Moja lazima ife, kama vile kanda za Beta zilikufa zikabaki za VHS. Kitu rahisi ndio watu hununua, kwa hivyo nyekundu ndio itabaki."

Yusufu akasema, "Ya buluu inabeba mengi zaidi. Na iko na ngozi ngumu, haikwaruzwi ovyo."

"Ngumu ni sawa, lakini ikikosa mashine ya kuichezesha utaifanyia nini? Utaining'iniza ukutani?"

"Na yako ikifa nitafanya nini? Nimpoteze mara ya pili?"

Kyalo akaangalia sahani yake. Kisha, nadhani kwa kutafuta pa kutokea, akanigeukia mimi. "Wewe je, Mama Rukia? Wewe unasema gani?"

Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu msiba. Watu wamekuwa wakilikwepa jina hilo kama shimo barabarani. Wote wawili wakanitazama. Nami, Zuhura, wallahi sikuwa nimewaza lolote. Nilitaka wamalize kula nioshe vyombo. Nikasema, "Buluu."

"Kwa nini buluu?"

"Buluu tu."

Yusufu alinitazama kama mtu aliyepewa fatwa. Juma lile lile akanunua mashine ya buluu, na televisheni bapa ya kuendana nayo, kubwa, imejaza ukuta wote wa sebule. Ile kamera nzuri sikuiona tena kabatini na sikuuliza.

Ikabaki kumpata wa kuiandika kanda ile kwenye diski. Aliambiwa yupo fundi Nairobi, binti mmoja anaitwa Njeri, mwenye chumba chake ghorofani juu ya duka la vioo. Yusufu hakutaka kanda iachwe mikononi mwa mtu, akataka twende wote wawili tukae hapo mpaka ikamilike. Tukaenda. Kanda aliivika kilemba chake, akaipakata.

Njeri alitupokea vizuri. Akaitia kanda kwenye mashine yake, akaitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Adhana ya alasiri ikasikika, Yusufu akauliza msikiti uko wapi, akatoka. Tukabaki wawili. Yule binti akazungusha kiti chake.

"Mama, huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ako wapi sasa?"

"Amefariki."

Akaweka mkono mdomoni. Kisha akasema, "Mzee ameniambia anataka apate kuona uso wa mtoto vizuri. Amesema ndio maana amenunua hizo mashine. Mama, mimi sipendi kudanganya mtu. Nitaandika, na haitaharibika tena kama kanda. Lakini picha haitakuwa safi kuliko hii. Kamera haikushika zaidi ya hapa. Siwezi kuongeza kitu ambacho hakikuingia."

"Hata kwenye buluu?"

"Buluu, nyekundu, yote ni sawa. Hata dividii ya kawaida ingetosha. Na kwa televisheni kubwa, mama, itaonekana mbaya zaidi."

Nikatikisa kichwa. Nilisikia maneno yake vizuri kabisa, yakaingia yakakaa, basi. Nikawaza tu kwamba Yusufu yuko msikitini na anaomba dua kwa ajili ya jambo hili, na kwamba atapanda ngazi sasa hivi.

Akapanda. Njeri akanitazama mimi. Ningeweza kunyamaza akayaone mwenyewe nyumbani. Lakini nilimwona amesimama mlangoni na maji ya udhu yangali yakimetameta ndevuni, nikamwambia pale pale, "Yusufu, haitakuwa safi. Itabaki hivi hivi."

"Nani amesema?"

"Fundi."

Akamgeukia. "Nimekosea kuchagua? Ilikuwa nyekundu?"

"Hapana mzee. Si kuchagua," Njeri akasema. "Hukukosea. Hakukuwa na ya kuchagua."

Akaketi kwenye benchi. Nikadhani atagomba, maana wajua hasira zake. Hakugomba. Alikaa ameshika magoti, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi andika hivyo hivyo. Isipotee." Njeri akaandika. Hakutaka kulipwa, Yusufu akamlazimisha.

Diski ilikaa ndani ya kasha lake wiki kadhaa hakuna aliyeigusa. Televisheni tuliifunika kitambaa. Yusufu akarudia kazi, akawa aazima kamera ya rafiki yake. Tukawa twaishi kama wapangaji wawili wenye adabu.

Jumapili iliyopita Kyalo akaingia na kelele tangu mlangoni. "Nyekundu imekufa! Wenyewe wameacha kutengeneza! Shemeji, wewe ulijuaje?" Akanishika mikono akanizungusha. Yusufu alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, "Aha," akaendelea kufunga. Kyalo akatutazama mmoja mmoja, akaona hakuna sherehe. Masikini, alidhani ametuletea furaha. Akaomba basi aione hiyo diski ya mshindi. Yusufu akahamia kiatu cha pili. Mimi ndiye niliyeondoa kitambaa nikaiwasha, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mgeni na ameomba kitu.

Dada, ni kweli alivyosema yule binti. Kwenye kioo kikubwa kile uso wake ni kama wa mtu aliye nyuma ya pazia la mvua. Waona macho mawili, mdomo wafunguka na kufumba. Sauti ndiyo safi. Kyalo alitazama kidogo, akafuta macho, akasema ana zamu, akaaga. Sisi tukabaki. Yusufu akasogeza kigoda akaketi karibu kabisa na kioo, karibu hata nuru ikampiga usoni. Kisha, bila kugeuka, akaniuliza:

"Gauni lilikuwa jeupe?"

Nikasema, "Si jeupe. Ni rangi ya kiini cha yai. Ni lile alilomshonea Zuhura."

"Hapa ni jeupe."

"Kamera imekosea. Lilikuwa la njano, na mikononi lina lasi."

"Na jino? Lilikuwa limeshang'oka?"

"Lilikuwa lalegea. Alisoma kasida nzima akilisukuma kwa ulimi. Ndiyo maana hapo, mtazame, ndiyo maana nilicheka."

Akageuka akanitazama. Akauliza alikuwa amesimama na nani, na yule wa kushoto ni mtoto wa nani, na je, aliogopa. Nikamwambia hakuogopa, ila kabla ya kuanza aliangaza huku na huku, akaniuliza kwa midomo tu, bila sauti, baba yuko wapi. Hilo sikuwa nimemwambia. Yusufu akalia. Alilia vibaya, na mabega yake yote. Mimi sikulia. Lakini sikwenda jikoni. Nilikaa naye, na kila alichouliza nikamjibu, diski ikaisha ikaanza tena yenyewe, na tulikuwa tungali twazungumza.

Swali moja lilinishinda, ndilo lililonikalisha leo kuandika. Akifika ubeti wa mwisho, Rukia aweka kiganja kifuani, hapa chini ya shingo, na wenzake wote mikono yao imelala. Yusufu ataka kujua nani alimfundisha. Mwalimu wake amesema si yeye. Likizo kabla ya Maulidi alikuwa kwako. Je, ni wewe? Au alikuona ukifanya hivyo? Utuandikie. Na kama kuna jingine lolote alilosema au alilofanya akiwa hapo, hata dogo, hata la utundu, liandike pia. Usihofu kutuumiza. Mimi nitamsomea Yusufu.

Nisalimie mama, umbusu goti lile. Msalimie kaka Athumani na mikate yake, umwambie huku kwa Wakamba hakuna ajuaye kuoka mkate wa mofa. Shangazi Mwanaamina namtakia macho mema ya kufumia kofia zake. Binamu Hadija namwombea uzazi mwepesi. Mama mkwe wangu wa Kivaa anawasalimu nyote, anasema mbaazi zikikomaa atawatumia gunia. Yusufu yuko mlangoni, ameniuliza namwandikia nani, nimemwambia, naye anasema nikuhimize ujibu upesi.

Wako wa tumbo moja,
Mwanajuma