Konzi ya Tatu

Duka la Uchapaji la Yasiin,
Wandegeya, Kampala.
11 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Zuhair,

Assalaam alaykum. Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa sababu ndivyo Baba alivyotufundisha kuanza barua, usivimbe kichwa. Vipi hali yako huko Uholanzi, na baridi? Natumaini u mzima, maana ninayokuandikia si ya kumsomea mgonjwa. Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, ila magoti. Shangazi Rehemah amehamia kwetu na ameshika jiko, kwa hiyo tunakula vizuri na kugombezwa vizuri.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatia.

Lile bango la utafiti wako ulilotuma nikuchapie, wenzako wa chuo kikuu waje kulichukua, nimelichapa. Kazi ni kazi. Ila mimi husoma ninachochapa, hilo ulilisahau. Nikaona viduara vyako vya kaboni na mikia yake ya oksijeni na haidrojeni. Nikasoma kwamba mboji, ule weusi wa udongo, si molekuli moja kubwa kama walivyodhani wa zamani. Ni vipande vidogo vidogo, mafuta, protini, sukari, masalia ya vijidudu, vimeng'ang'ania chembe za mfinyanzi. Nikasema moyoni, mdogo wangu kasoma. Halafu nikafika chini kabisa, kwenye herufi ndogo: udongo wa kaburi, Kampala, maiti amezikwa bila jeneza.

Maiti! Huyo ana jina, bwana. Ni Abdul-Karim, baba yako.

Siku ya maziko kila mmoja wetu alitia udongo mara tatu. Wewe ulitia mara mbili, konzi ya tatu ukaitia mfukoni. Nilikuona. Watu wakaanza kunong'ona, mimi nikawanyamazisha, nikasema mwacheni, kesho anasafiri, anataka awe karibu na baba yake. Mama nikamwambia hivyo hivyo. Hadi leo kila mgeni akiingia, Mama humwambia kwamba mwanawe wa Ulaya analala na udongo wa baba yake chini ya mto.

Kumbe uliuchemsha! Ukautia magadi makali, ukautia asidi, kisha ukauchoma tanurini upime kaboni. Kuchoma, wewe mtoto wa Kiislamu! Huna haya hata kidogo? Na hiyo sukari uliyoipata humo, hukushtuka? Si ndiyo iliyomfanya Baba akatwe mguu, tukamuuguza mimi na Mama, wewe uko maabara?

Juu ya hayo unanitumia ujumbe, eti nikachimbe tena pale pale, niutie kwenye mfuko safi, nikutumie, uone miaka mitano imebadilisha nini. Banange! Mimi nikamchimbe Baba? Sichimbi. Na ukimtuma mtu mwingine, mimi na yeye tutaonana wabaya.

Usiniambie kwamba udongo ni udongo tu. Ungekuwa udongo tu ungechota popote, Kampala udongo haujatuishia. Ulichota pale kwa sababu ulijua yumo.

Mama hajui kitu. Wiki iliyopita aliniita akaniusia. Anasema siku yake ikifika, uje na ile konzi uitie kwenye kaburi lake yeye, ili awe na mumewe. Nikamjibu nitakwambia. Haya, nimekwambia. Sasa niambie wewe nimjibu nini, kwa sababu kila asubuhi ananiuliza kama umepata ujumbe, nami najifanya natafuta viatu.

Ndani ya bahasha hii nimekutilia mfuko safi uliouomba. Hauna kitu. Kama imebaki hata punje moja kwenye chupa zako, usiiguse na moto wala dawa. Itie humo, uilete mwenyewe, mkononi mwako, Mama akiwa bado hai, akupokee.

Shifa wangu amefaulu mtihani, anakusalimia baba mdogo wake. Shangazi Rehemah anakusalimia. Mungu akulinde na akuongoze, hasa akuongoze. Mama anakusalimia sana, wewe na mto wako.

Ndugu yako akupendaye, kwa shida,

Yasiin