Papa Aliyeniuma

Kotile

Shikamoo, mama yangu,

Joto la huku linakausha shati kabla hujamaliza kulianika. Nipo kwa akina Abdi, rafiki yangu wa chuo, na wananilisha kama bwana harusi.

Leo asubuhi yule mtaalamu wa samaki alinipigia simu. Kipande cha jino kilichokwama kwenye ubao wangu wa mawimbi kimetambuliwa: ni cha papa chui. Kulisikia jina tu, mguu ulianza kuuma upya.

Nyanyake Abdi, ambaye wote humwita Ayeeyo, alikuwa akikama mbuzi karibu nasi. Aliponisikia nikimsimulia Abdi, akauliza, "Baba gani alikuuma?" Kisomali hakina p, kwa hiyo papa kwake ni baba. Abdi alicheka mpaka akakaa chini.

Ayeeyo hakucheka. Aliniambia ninyooshe mguu, akapitisha kidole kwenye makovu, moja baada ya jingine, kama anavyokagua mbuzi aliyeumwa na fisi.

"Fisi ya njaa inashika, inavuta, nyama inachanika," alisema. "Hii imeuma, imeachia. Imeonja tu, ikajua wewe si chakula yake. Haikukuchukia, mtoto wangu."

Mama, miezi yote hii niliamini papa yule alinifuata mimi. Nililia pale pale mbele ya mbuzi, Ayeeyo akaniwekea mkono kichwani mpaka nikanyamaza.

Najua tangu siku ile hujaingiza papa jikoni kwa ajili yangu. Ijumaa nitakuwa nyumbani. Nipikie wa nazi, tule sote.

Mungu akutunze mpaka nikubusu mkono.

Mwanao,
Omari