Bomba Lenye Sisimizi

Ami Seif,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya meza ya kazi, na hii ni mara ya nne naianza barua hii. Mara tatu nilikwama kwenye salamu. Miaka tisa nilikuamkia kila asubuhi nikifungua duka, na hukuwahi kuichelewesha marahaba yako hata siku moja, hata ukiwa umebana misumari mdomoni.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipokusomea hitma ya arubaini. Nilikuwa na mengi mazuri ya kukueleza, nikawa nayakusanya. Leo sikuletei hayo. Nimefanya kosa, Ami, na sijui limefika wapi. Naogopa.

Mwezi wa nne huu tangu siku ile ulipojinyoosha baada ya sala ya adhuhuri na usiamke. Bi Mkubwa wako bado yumo edani. Funguo za duka alinikabidhi mwenyewe, akasema, "Salha, fanya kama alivyokuwa akifanya." Nikasema naam. Wiki ya kwanza nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya. Ya pili nikaanza kuutazama ule ukuta wa nyuma.

Unajua ukuta ninaousema. Kila tulichokitoa kwenye chombo cha mtu, waya ulioungua, swichi iliyoyeyuka, kapasita iliyovimba, ulikifunga kijikaratasi ukakitundika kwenye msumari. Na kwenye kijikaratasi uliandika jina la mwenyewe, mtaa anaokaa, chombo kinawekwa wapi ndani ya nyumba, na nani hasa anakitumia. Bado nakumbuka vingine kwa moyo. Pasi, kwa Bi Fatma, Mkunazini, chumba cha mbele, anayepiga pasi ni mjukuu na haoni vizuri. Miaka tisa nimeviandika na wewe, na sikukuuliza hata mara moja ulianza lini wala kwa nini. Nilidhani ni uzee tu.

Wateja walikuwa wanakukimbia kwa maswali yale. Yule bwana wa Mbweni aliyeleta birika la umeme, unamkumbuka? Alikwambia, "Mzee, mimi nimekuja kutengenezewa birika, sikuja kuposa." Mimi nilicheka mpaka nikaficha uso. Wewe ukamvutia kiti: "Kaa kitako. Birika likitoka hapa linakwenda kukaa na watu." Na hukuligusa mpaka alipokutajia watu wote wa nyumbani kwake.

Basi niliuvua ukuta, Ami. Magunia mawili yalijaa. Nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu na vijikaratasi vyake, hata sikuvibandua. Nikapaka rangi nyeupe, nikaweka taa, nikaning'iniza makufuli na bawaba kwa mpango, na mlangoni nikaandika HUDUMA YA HARAKA kwa herufi nyekundu. Maswali nikayafuta. Mtu anakuja, anaweka chombo mezani, natengeneza, anachukua, tumemalizana. Wakanisifu! Mama mmoja alisimama hapo mlangoni akasema sasa hapa pana ustaarabu. Nilijiona nimekuzidi, na nakwambia hivi kwa sababu huwezi tena kunikata jicho.

Bi Mkubwa aliniuliza siku moja nilipompelekea uji, "Ukuta wake upo?" Nikamjibu, "Upo, Bi Mkubwa." Naam, nilisema hivyo, na yeye akashusha pumzi akanywa uji wake.

Sasa kosa lenyewe. Ijumaa moja, watu wameshaanza kwenda msikitini, alikuja mwanamke na pampu ya maji, ile ndogo ya chuma ya kuvutia maji nyumbani. Waya wake ulikuwa umekatika na kuungua. Ana haraka, gari linamsubiri Darajani, nyumbani hawana maji tangu jana. Waya wa nyuzi tatu ulikuwa umeniishia na duka la jumla limefungwa kwa sala. Nilikuwa na roli zima la waya wa nyuzi mbili.

Wiki yangu ya kwanza hapa uliniwekea waya mkononi ukanifundisha: nyuzi mbili za kazi, wa tatu wa kumlinda mtu. Chombo kikiharibika ndani, umeme uende ardhini, usiende kwenye mkono wa mtu. Ulinirudishia somo hilo mpaka nikachoka. Nalijua kama jina langu.

Nikafunga wa nyuzi mbili. Pampu ikanguruma vizuri kabisa. Yule mwanamke akafurahi, hakukaa hapa hata robo saa, na mimi sikumuuliza jina wala mtaa. Nilijisemea moyoni, akirudi nitambadilishia. Atarudije, Ami, na kitu kinafanya kazi?

Ukishafanya mara moja, mara ya pili haina uzito. Waya wa nyuzi mbili ni laini, unaingia upesi, na mlangoni nimeandika haraka.

Jumanne ya wiki hii alikuja bwana mmoja wa Bububu kununua taa. Mtu wa maneno. Nilikuwa namjaribishia taa yake naye anapiga soga, akasema kwa jirani yake, Bi Mwanakhamis, kumezuka kioja. "Bomba lao la uani lina sisimizi. Ukilishika unawasikia wanakutambaa mpaka kwenye kiwiko, ukitazama huwaoni. Watoto washaufanya mchezo, nani atashika zaidi." Anacheka. Mimi taa ilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuiweka chini. Nikamuuliza, tangu lini? "Tokea pampu yao irudi kutengenezwa." Nikamuuliza ilitengenezwa wapi, na nilikuwa najua.

"Si hapahapa kwako! Bintiye anakusifu, anasema kwako hakuna maswali."

Sikufunga hata droo. Nilichukua mkoba wako wa vifaa na kipande cha waya wa nyuzi tatu, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa namwambia kijana wa watu aongeze mwendo, mpaka akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nanyoosha shingo kutafuta turubai na viti vya msiba kila tulipopita nyumba yenye watu wengi mlangoni.

Hapakuwa na turubai. Bububu niliuliza kwa Bi Mwanakhamis, nikaonyeshwa mlango nyuma ya msikiti, nikaingia hodi hodi bila kungoja karibu. Uani kulikuwa na watoto watatu. Mkubwa wao, msichana wa kama miaka minane, amesimama pekupeku kwenye maji yaliyotuama, ameshika bomba la chuma kwa vidole viwili na anahesabu kwa sauti. Wadogo zake wawili wamemshika kiuno ili na wao wapate. Wanacheka wote watatu. Alikuwa amefika ishirini na sita.

Sikupiga kelele. Niliogopa wakishtuka yule mkubwa ataanguka na kulikumbatia bomba kwa mikono miwili. Nilikwenda mpaka ukutani nikachomoa plagi ya pampu.

Msichana akanyamaza kuhesabu. Akalitazama bomba, akanitazama mimi. "Wamekwenda," akasema, na uso umemsawijika, kana kwamba nimemvunjia mchezo.

Nilifungua pampu. Maji yalikuwa yameshaanza kupenya ndani, yamebakia kidogo tu yafike pabaya. Ilibaki wiki moja, Ami. Labda siku mbili. Nilifunga waya wa nyuzi tatu, nikahakikisha ule wa ardhini umekamata, nikaziba palipokuwa panavuja, nikalijaribu bomba kwa testa yako ya kupimia umeme, kisha nikaligusa kwa mkono wangu mwenyewe kama ulivyokuwa ukifanya wewe mbele ya mteja. Lilikuwa bomba tu, baridi.

Na Bi Mwanakhamis je? Bibi wa watu alitoka ndani na mkeka, akanitandikia, akaleta chai na mkate wa kumimina. "Mwanangu, fundi gani siku hizi anamfuata mtu mpaka kwake kumkagulia? Mungu akuzidishie." Akawaita majirani waje wanione. Akawaambia wajukuu zake wanipe mkono mmoja mmoja. Ile mikono midogo ilikuwa bado na maji.

Nikala, Ami. Nilikula mkate wake, na sikumwambia. Kumwambia nini? Kwamba hao sisimizi niliwaweka mimi? Niliaga, nikamwambia tu watoto wasicheze na bomba tena, akacheka akasema watoto hawana adabu.

Tangu Jumanne wateja wa Bububu wanakuja. Wanakuja na pasi zao na feni zao na kunisifu, na kila anayenisifu nataka kumtoa mbio.

Kwa sababu nilipofika dukani siku ile nililitazama lile roli la waya. Nilipolifungua kwa ile pampu lilikuwa zima. Sasa limebaki tupu. Wiki saba, Ami! Nimekaa na karatasi nikajaribu kuandika waya ulikokwenda. Pampu nyingine mbili. Mashine ya kufulia. Pasi ya chuma ya mzee wa kanzu anayetembea kwa fimbo. Jokofu la yule anayeuza juisi ya miwa, na yeye kutwa miguu yake majini. Birika kubwa la harusi. Hita ya maji ya kuogea, nayo nikiifikiria nasimama nikakaa tena. Nakumbuka sura. Mmoja nakumbuka viatu tu. Jina sina hata moja, mtaa sina, na nani anashika kile chombo asubuhi akiamka, sijui.

Nilijaribu kutengeneza bila kuaibika. Niliandika kwenye simu: wateja wapendwa, leteni vyombo vyenu, ukaguzi ni bure wiki hii. Wakanipongeza watu kumi na nane. Aliyekuja ni mmoja, na blenda ambayo hakuinunua wala kuitengenezea hapa.

Siku hizi kipaza sauti cha msikiti kikikwaruza tu, naweka bisibisi chini. Nasikiliza jina, nasikiliza mtaa. Jana walimtangaza mwanamke wa Kikwajuni, kafa ghafla, hawakusema kwa nini. Nilitoka mpaka mlangoni nikamuuliza kila anayepita. Wakaniambia alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Nikashukuru, Ami. Watu wanamlilia mama yao, mimi nikashukuru.

Nimeamua hivi. Kesho asubuhi nakodi gari la matangazo. Litaanza Bububu, lirudi Darajani, Mkunazini, Kikwajuni, liende mpaka Mbweni, na keshokutwa Nungwi ikibidi. Ndani nitakaa mimi na nitasema mwenyewe, jina langu na la duka, kwamba chombo chochote cha umeme kilichotengenezwa hapa tangu wewe kufariki kichomolewe na kisiguswe, kwa sababu nilikifunga vibaya nikijua. Nitaanzia mlangoni kwa Bi Mwanakhamis, nimuombe radhi mbele ya wale majirani. Kabla ya hapo nitapita kwa Bi Mkubwa nimwambie kuhusu ukuta, nipige magoti kama itabidi.

Duka litakufa, najua. Nani atamletea pasi fundi aliyejitangaza kwa kipaza sauti? Bi Mkubwa anakula kwa duka hili na mimi nakula kwa duka hili. Mchana wote nimelipigia hesabu jambo hilo na sijaona njia ya kulikwepa. Wewe ungeshavaa kofia ukatoka.

Umeme umekatika mji mzima tangu saa sita mchana. Watu wanalalamika, samaki wao wanaharibika, na mimi nimekaa hapa kwenye joto naomba usirudi. Ni saa tisa na nusu sasa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nimeweza kukaa kitako, na ndiyo maana nimepata kukuandikia.

Nilikupenda, Ami, na sikukwambia, nilikuwa nakuletea kahawa tu. Kaburini siji, unajua wanaume wenu hawataki, lakini nitakusomea Yasini kila nikifunga, hata kama nitakuwa sina tena cha kufunga. Nakuahidi nitawatafuta wote, mmoja mmoja, mpaka niwashike mkono wakiwa hai. Mungu akupe utulivu huko uliko, na unisamehe ikiwa nitachelewa kwa mmoja wao

Umerudi. Watoto wanashangilia uchochoro mzima, feni imeanza kuzunguka juu yangu. Ami, mji mzima unachomeka plagi saa hizi. Siwezi kungoja kesho. Natoka sasa hivi, kwa miguu, kwa mdomo wangu, naanza na nyumba hii ya jirani.

Salha