Sentensi ya Tatu kwenye Kibao cha Ray Dzurko

CHAMA CHA WAPENZI WA TIMU YA SHULE YA SEKONDARI DUNMARROW
DUNMARROW, PENNSYLVANIA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMANNE, TAREHE 14 OKTOBA 2025, UKUMBI WA ZIMAMOTO, KUANZIA SAA 1:00 USIKU

WALIOHUDHURIA
Bw. Walter Hudak, Mwenyekiti (kocha mstaafu wa timu)
Bi. Lorraine Sabol, Katibu
Bw. Dennis Matusek, Mjumbe
Bi. Connie Yurick, Mjumbe
Bw. August Tomaro, Mjumbe

WAALIKWA
Bw. Raymond Dzurko, mrushaji pasi wa zamani wa timu ya shule ya mpira wa Kimarekani na wa ligi ya kulipwa
Bi. Paulette Dzurko, mkewe

HAKUHUDHURIA
Dkt. Lyle Fenn, Mjumbe, aliyekuwa daktari wa timu. Hakutoa udhuru. Gari lake lilionekana limeegeshwa nje ya Kilabu cha Waslovakia, mtaa wa pili kutoka hapa.

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi na kuwakaribisha waalikwa. Bi. Dzurko aliomba taa zipunguzwe kwa kuwa zinamuumiza mumewe kichwa hata akivaa miwani ya jua, na Bw. Tomaro aliinuka akazima nusu yake. Kikao kiliendelea katika mwanga hafifu. Katibu anaomba radhi kama kuna makosa ya mwandiko.

KUMB. NA. 2/10/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Bw. Matusek alipinga neno "alifoka" lililotumika juu yake katika kumbukumbu za Septemba, akitaka liandikwe "alieleza kwa msisitizo". Bi. Yurick alisema yeye ndiye aliyeketi ubavuni mwake siku hiyo na sikio lake lilivuma mpaka Alhamisi. Kumbukumbu zilithibitishwa bila mabadiliko.

KUMB. NA. 3/10/2025: MANENO YA KIBAO CHA SHABA

Mwenyekiti alieleza kwamba kibao kitafunguliwa kwenye lango la uwanja Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na kwamba fundi anasubiri maneno tu. Katibu alisoma maneno yaliyopendekezwa:

"Raymond Dzurko, mtoto wa Dunmarrow. Alicheza misimu kumi na mmoja katika ligi ya kulipwa. Katika fainali ya mwaka 1990, akiwa bado shuleni, aliangushwa akazirai, akainuka, akarudi uwanjani, akarusha pasi ya ushindi."

Chini yake utachongwa mkono ulioinua vidole viwili.

Nakala ya kumbukumbu hizi huenda kwa mwanasheria wa shule, ambaye si mtu wa hapa, kwa hiyo Mwenyekiti aliagiza ishara hiyo ielezwe. Katika miaka yote ya Bw. Hudak, mchezaji akigongwa kichwa, Kocha alimchuchumalia, akainua mkono na kuuliza, "Vidole vingapi?" Aliinua viwili. Siku zote viwili. Watoto wa Dunmarrow walilijua jibu kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, na baadaye jukwaa zima likawa linamjibia aliyelala chini: "Viwili!" Leo ndiyo salamu yetu. Tunasalimiana hivyo kwenye kituo cha mafuta, harusini na hata makaburini. Bw. Matusek aliongeza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana Dunmarrow wana viwili. Alicheka peke yake.

Katibu alisoma wasifu wa Bw. Dzurko ili familia isahihishe. Timu za ligi zilipochagua wachezaji wapya, yeye alichaguliwa katika duru ya mwisho kabisa, jina lake likitajwa watu wakiwa wameshazima televisheni. Misimu minne ya kwanza alikaa benchi. Wa tano, katika timu yake ya pili, mrushaji mkuu alivunjika bega, Bw. Dzurko akaingia, akashinda mechi saba kati ya tisa, na picha yake ikabandikwa kwenye kioo cha bucha la Bw. Tomaro, ambako ipo mpaka leo. Alihamishwa mara mbili zaidi. Sifa yake ligi nzima ilikuwa moja: huyu ukimwangusha, anainuka.

Bw. Matusek alikumbusha mechi ya msimu wa nane ambapo Bw. Dzurko aliangushwa kwa nyuma, akainuka, akaenda kujiunga na wapinzani walipokuwa wamekusanyika kupanga mchezo wao. Kilabu cha Waslovakia kizima, tukitazama televisheni, kilicheka siku ile mpaka machozi, Katibu akiwamo.

Bi. Dzurko: "Mimi nilikuwa jukwaani, shemeji Denny. Sikucheka."

Wasifu ulipitishwa kama ulivyosomwa.

Bw. Dzurko aliuliza mechi ni saa ngapi. Mwenyekiti alimjibu, "Ijumaa, mwanangu."

KUMB. NA. 4/10/2025: OMBI LA BI. DZURKO

Bi. Dzurko aliiomba Kamati iondoe sentensi ya tatu na ule mkono. Alisema hana ugomvi na kibao. Anachokataa ni kupita langoni kila Ijumaa na kusoma, kwa herufi za shaba, siku mumewe alipoanza kuharibika, mji mzima ukipiga makofi.

Bw. Matusek alieleza kwa msisitizo kwamba sentensi hiyo ndiyo kibao chenyewe. "Misimu kumi na mmoja, nani wa hapa aliiona? Tuliiona ile pasi! Baba yangu alitolewa kiwandani mwaka ule, Paulette. Hakuwa na kitu kingine cha kushika. Tukamshika Ray." Ieleweke kwamba aliyeidaka pasi hiyo ni Bw. Matusek mwenyewe. Picha yake akiidaka imetundikwa katika duka lake la matairi, na watu wengi wamewahi kusubiri tairi wakisikiliza habari zake.

Bi. Yurick alisema asubuhi huenda kumsaidia Bi. Dzurko kazi za nyumbani, na kuna jambo ambalo wajumbe hawalijui. Bi. Dzurko alimtazama, kisha akamwambia, "Sema tu, Connie." Bi. Yurick alisema Bw. Dzurko huamka, huvaa kiatu kimoja, na kwenda kusimama mwisho wa njia ya gari kungojea basi la timu. Mvua ikinyesha hungoja. Ukimwambia basi haliji hukasirika, na mara moja alipasua mlango wa gereji kwa ngumi.

Bw. Tomaro alisema hilo linasikitisha sana, lakini ugonjwa ni wa sasa na ushindi ni wa zamani, visichanganywe kwenye sufuria moja. Bi. Dzurko alijibu kwamba wamekuwa wakivila kwenye sufuria moja miaka yote, ila mifupa ndiyo aliyoachiwa yeye.

Mwenyekiti alieleza kwamba wakati ule hakuna aliyejua mambo ya ubongo. Kila kocha alifanya vile. Daktari wa timu alikuwepo na hakupinga.

Katibu aliomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba Dkt. Fenn ni daktari wa meno.

Mwenyekiti aliendelea kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyeomba kurudi. "Alinishika koti, Paulette. Alilia. Nirudishe, Kocha, nirudishe."

Bi. Dzurko: "Alikuwa na miaka kumi na saba, Kocha. Angeomba hata umpe gari la zimamoto aendeshe. Ungempa?"



Bw. Matusek alimgeukia Bw. Dzurko na kumtaka aamue mwenyewe, kwa kuwa jina ni lake. "Ray, waambie hawa. Ile pasi. Mimi kona ya kushoto, wewe unaanguka, unaitupa. Si unaikumbuka?"

Bw. Dzurko: "Siikumbuki, Denny."

Bw. Matusek alisema hayo ni maradhi yanaongea. Bw. Dzurko alivua miwani. Katibu anaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu aliyasema taratibu na bila kukwama:

"Sijawahi kuikumbuka. Nakumbuka tunapanda basi. Halafu namkumbuka mama ananimenyea chungwa hospitalini. Katikati hapo mlinisimulia nyinyi."

Bw. Matusek: "Ray, acha mzaha. Tumeisimulia wote, mimi na wewe, baa zote za bonde hili!"

Bw. Dzurko: "Nilikuwa nasimulia ulivyonisimulia wewe. Unaisimulia vizuri sana."

Bw. Matusek aliuliza, kwa sauti ambayo Katibu hakuizoea kwake, "Kwa hiyo pale nilikuwa peke yangu?"

Bw. Dzurko aliuliza mechi ni saa ngapi.

KUMB. NA. 5/10/2025: KURA

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Waliotaka sentensi ibaki: Bw. Matusek na Bw. Tomaro. Waliotaka iondolewe: Bi. Yurick na Katibu. Kura zilifungana, na kwa mujibu wa katiba ya Chama uamuzi ukabaki kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alisema wajumbe wamemfanya Bw. Dzurko kama maiti naye ameketi hapo hapo, mzima, anaongea. Alisema amemlea kijana huyu kuliko babake, na anamjua. "Amechoka, basi. Na nani asiyechoka? Nina miaka themanini na moja, mimi mwenyewe naweka funguo kwenye friji."

Bi. Dzurko alisema, "Basi mpime, Kocha. Mpime ulivyompima siku ile. Ila leo inua vinne."

Bw. Tomaro alisema hilo si jambo la kufanyika kikaoni. Bi. Yurick alimwambia akae. Mwenyekiti alisukuma kiti, akazunguka meza kwa fimbo yake, na kwa shida kubwa akachuchumaa mbele ya Bw. Dzurko. Magoti yake yalisikika. Aliinua mkono wa kulia, kidole gumba amekikunja, vinne vimesimama wazi. Hata katika mwanga ule kila mtu aliviona.

Mwenyekiti: "Ray. Vidole vingapi?"

Bw. Dzurko aliutazama mkono. Alitabasamu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Viwili, Kocha. Nirudishe."

Bw. Matusek alisema, "Ray, kaka, tazama tena."

"Viwili! Kocha, saa inakwenda, nirudishe." Alikuwa ameshamshika Mwenyekiti koti.

Bi. Yurick alikuwa analia. Bi. Dzurko hakulia, alikuwa akiutazama mkono wa Mwenyekiti, ambao ulibaki juu. Bw. Matusek na Bw. Tomaro walimwinua Mwenyekiti wakamrudisha kitini. Alipoulizwa na Katibu kura yake, alisema, "Iondoe." Alipoulizwa kuhusu mkono utakaochongwa, alisema, "Na huo."

IKAAMULIWA: Kibao kiwe na sentensi mbili tu, bila mchoro. Katibu amjulishe fundi.

KUMB. NA. 6/10/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliomba KUMB. NA. 5 ibaki na hesabu ya kura tu, na mengine yasiandikwe. Katibu alisema ameandika kumbukumbu za Chama hiki tangu Mwenyekiti alipokuwa na nywele, na kwamba mambo ya Dunmarrow yaliyoachwa bila kuandikwa yameshatosha. Bw. Matusek alimuunga mkono Katibu. Ni mara ya kwanza. Mwenyekiti aliondoa ombi lake.

Hakukuwa na mengineyo. Bi. Dzurko alishukuru, akamvalisha mumewe koti na kumfunga vifungo. Walipofika mlangoni Bw. Dzurko aligeuka na kutuinulia vidole viwili, kama sisi sote tunavyoaga.

Hakuna aliyemrudishia. Wajumbe waliangalia meza.

Bw. Dzurko hakutoka. Bi. Dzurko alimvuta mkono polepole, akamwambia waende, gari linawangoja, lakini aliendelea kusimama pale, vidole viko juu, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Uso wake ulianza kubadilika. Bi. Dzurko alisema, "Tafadhalini. Hataondoka."

Mwenyekiti aliinua viwili.

Ndipo akatoka.

Kikao kilifungwa saa 2:40 usiku. Bw. Tomaro aliwasha taa zote ili viti vikusanywe.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

W. Hudak (sahihi)
MWENYEKITI

L. Sabol (sahihi)
KATIBU