Esha, Kabla Hujapanda Meli ya Kuweti

Esha mdogo wangu,

Barua yako ya Mombasa imenifika, na salamu zako nimezigawa nyumba kwa nyumba kama ulivyoagiza, hata kwa yule jirani ambaye mwaka mzima mlikuwa hamsemezani. Amefurahi, usiniulize zaidi. Sisi wazima. Salma mzima, anakula, anacheza, na asubuhi hii amekwisha kunimwagia wino mara moja, kwa hiyo ukiona doa hapo pembeni ujue ni mkono wake huo, anakuamkia.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, nikupe habari za Kuweti, kwa kuwa mimi nimeishi huko miaka mitatu na wewe unamfuata mumeo mji usioujua. La pili, niendelee kukaa na mwanao Salma hapa Langoni mpaka mtakaporudi, miaka miwili, pengine mitatu, kwa kuwa mumeo ameandika kwamba kule jangwani si mahali pa mtoto mdogo. Shangazi Bi Rukia anakuja Mombasa Jumamosi, na meli yako inaondoka wiki ijayo. Jibu ni lazima aondoke nalo yeye. Haya, la Kuweti ndilo jepesi, nianze nalo.

Kwanza sahau jangwa la hadithi za bibi. Hukuti hema wala mtende, unakuta saruji. Kila pembe wanavunja na kujenga, na nyumba uliyoiwekea alama jana ili usipotee, leo huikuti. Halafu njia zake! Unakumbuka tulivyokuwa tukisimama kati ya nyumba yetu na msikiti, wewe unashika ukuta huu na mimi ukuta huu, tukaziba njia nzima? Siku ile akaja punda amebeba mawe, mwenyewe anapiga kelele tumpishe, “Simila! Simila!” na wewe hutaki kuachia, unasema njia ni yetu. Kule njia moja ni pana kuliko mtaa wetu wote, na magari hayapigi simila. Siku yangu ya kwanza nilisimama ukingoni na kikapu changu nikingoja yaishe nivuke. Wallahi Esha, nilingoja mpaka nikasikia adhana. Askari akanionea huruma, akayasimamisha yote kwa ajili yangu. Nikamshukuru kwa Kiarabu chetu cha chuoni, kile cha kusoma na bakora mgongoni, naye akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. Kiarabu chao hutakielewa mwezi wa kwanza. Usione haya, sema hivyo hivyo.

Joto sina haja ya kukuhadithia, kila mtu atakuhadithia. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna baridi. Nilikwenda na kanga zangu na buibui moja, kama naenda Shela, na ulipofika mwezi wa baridi meno yakawa yanagongana nikajua ni homa, nikajipikia uji wa pilipili manga na kujifunika mkeka. Bwana wangu Omari aliporudi kazini akanikuta nimejiviringa kwenye mkeka wa Kipungani, miguu tu ndiyo inaonekana. Alicheka, kisha akaenda kununua blanketi. Wewe nunua hapo hapo Mombasa, tena zito.

Na mchanga. Sisi wa Amu tunajiona tunaujua mchanga, tumeporomoka kwenye vilima vya Shela mpaka Mama akatukung'uta nywele kwa siku tatu. Ule ni wa kuchezea. Huu wa kule unakuja wenyewe, mbingu inageuka rangi ya ukwaju, na unaingia hata ukifunga dirisha na kulizibia matambara ya maji. Utausaga kwenye wali. Usimlaumu mumeo kwa kununua mchele mbaya kama nilivyomlaumu wangu, tukagombana siku mbili bure.

Sasa maji, na hapa nisikilize vizuri, maana mimi niliaibika, usije ukaaibika na wewe.

Maji ya kule yanatolewa baharini, yanachemshwa mitamboni mpaka chumvi itoke, kisha lori linayaleta na kuyamimina kwenye tangi. Hayana ladha yoyote. Tangi letu tulilitumia nyumba tatu. Mimi nikalifunua nikaona maji yametulia kimya ndani ya giza, nikasema ebo, watu gani hawa hawatii samaki? Unalikumbuka birika la bafuni kwetu, na lile bakuli la kaure chini yake, na visamaki vyetu? Ulikuwa ukivimwagia wali kisirisiri, na kile kikubwa ukakiita Bwana Harusi kwa kuwa hakitoki shimoni. Mama akakuuliza wali unakwenda wapi, ukasema umekula wote, na punje imekuganda kidevuni. Basi mimi nikamwagiza Bwana Omari, akanitafutia visamaki vitano kwenye vidimbwi vya pwani, nikavitia tangini kwa bismillahi, nikijua nimewafanyia jirani zangu hisani, mbu hawatazaa humo.

Siku ya tatu nikasikia ukelele. Mke wa jirani, Umu Nasiri, alikuwa amechota ndoo, na ndani ya ndoo samaki anamtazama. Lahaula! Watu wakajaa. Tangi likamwagwa lote, mchangani, maji ya nyumba tatu, na lori haliji mpaka keshokutwa. Nilijifungia chumbani nikalia. Nilikuwa nikitamani ukutani mngekuwa na wikio, lile daraja la nyumba kwa nyumba, nipite juu kama tulivyokuwa tukivuka kwenda kwa shangazi, bila buibui, bila mtu wa njiani kutuona, niingie moja kwa moja kifuani kwa mtu wangu. Lakini nyumba za kule kila moja ina ukuta wake na haigusani na ya mwenzake.

Jioni mlango ukagongwa. Ni Umu Nasiri, birika la chai mkono huu, watoto wanne wanamfuata. Nikajua amekuja kunitukana. Akasema, “Wewe mwanamke, siku arubaini uko hapa, hujatubishia hodi hata mara moja. Leo umetutumia samaki.” Akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kumbe wakati wote mimi nilikuwa nimekaa ndani nimejifukiza udi, nangoja wenyeji waje kuniamkia, kama anavyoamkiwa mgeni wa Amu, na moyoni nikiwalaani kwa kukosa adabu. Na wao wanangoja mimi. Kwa hiyo wewe usingoje. Siku ya pili tu, pika chochote, hata kaimati zikiungua, toka ubishe hodi. Mtafute Umu Nasiri, mwambie wewe ni mdogo wake yule wa samaki. Atakupokea.

Nimeandika mpaka hapa nikaweka kalamu nikaenda kukuna nazi ambayo haikuwa na haraka. Nimeogopa kufika hapa.

Esha, hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliiandika Jumatatu. Humo nilikwambia kwamba maji ya Kuweti yanavimbisha matumbo ya watoto, na vumbi linawaziba vifua, na kwamba mumeo amesema kweli, si mahali pa mtoto, niachie mimi. Niliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko huu. Ni uongo. Watoto wanne wa Umu Nasiri walikuwa wanene kama maboga, wanashinda wakikimbizana kwenye mchanga ule ule ninaokutishia. Kuna madaktari, hata wa kike, na shule inajengwa kila mtaa. Joto Salma atalizoea kabla yako. Nyumba iliyokuwa mbaya kule ni moja tu, ni yangu, isiyokuwa na mtoto, ambamo Bwana Omari akitoka na randa zake alfajiri sisikii tena sauti ya mtu mpaka magharibi. Hilo sikuwahi kuliandika kwenye barua zangu za kule. Niliandika habari za mafriji na mataa.

Barua ile nimeitia jikoni, ikaungua. Sikuitia kwa wema wangu, nitakwambia kwa nini.

Kuna jambo hulikumbuka, na Mama hakukuhadithia mpaka anaingia kaburini. Ulikuwa na umri wa Salma huyu, miaka mitatu, mimi kumi na miwili. Mama alikwenda Pate kumwuguza bibi, akakuacha mikononi mwangu. Miezi mitano. Nilikubeba kiunoni mpaka nikapinda, nilikuogesha, nilikutafunia nyama, nikakufundisha alifu na be kwa mkaa kwenye sakafu. Siku Mama aliporudi, alisimama pale kiwandani, katika ua wetu, akavua buibui, miguu ina matope ya pwani bado, akafungua mikono akikuita uje. “Ndoo, mwanangu. Ndoo kwa mama.”

Wewe ukamtazama. Ukaja nyuma yangu ukashika kanga yangu, ukaniuliza, “Huyu ni nani?”

Wanawake wote wakacheka, na Mama akacheka nao. Kisha akaingia jikoni kuwasha moto, na moto ulikuwa umekwisha waka. Nilimwona amechutama anaupuliza, anaupuliza, moshi wote machoni. Ilichukua karibu mwaka kabla hujakubali kulala kwake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mtoto wa miaka kumi na miwili nimemshinda mama yangu, nikawa natembea mtaani na wewe kiunoni nimeinua shingo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoielewa sura yake ya siku ile, na sikupata kumwomba radhi.

Ilikuwa miezi mitano. Wewe unataka miaka mitatu.

Sasa nikwambie la Jumanne. Salma aliteleza kwenye ngazi ya juu, goti likachubuka, akapiga ukelele, “Mama!” Nikakimbia moyo umenipasuka, nikasema maskini, anamlilia mamake. Nilipofika akanitupia mikono shingoni akatulia. Hakuwa akikulilia wewe. Alikuwa ananiita mimi.

Nikaitika. Nikasema, “Labeka, mwanangu.” Sikumrekebisha. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, Esha, na dawa zote, na dua zote, na wale wanawake wanaoniuliza harusini “bado tu?” huku wanakula biriani yangu, hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Asubuhi yake niliamka nikaketi karibu na kitanda chake nikingoja afumbue macho aniite tena. Akaniita. Bwana Omari alikuwa mlangoni, akasikia. Hakusema kitu kirefu, unamjua. Aliuliza tu, “Unampeleka lini kwa mamake?” Nikamnunia siku nzima, chai yake nikampa bila iliki. Lakini nilipoinama kuupuliza moto wa hiyo chai nikamwona Mama vile alivyochutama, na nikajua aliyekuwa akitembea ameinua shingo mtaani amerudi, tena safari hii ana miaka thelathini na hana udhuru. Hapo ndipo nilipoitia barua ya kwanza jikoni.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sikai na Salma. Wewe utaona ajabu, na Langoni watasema nina roho ngumu, tasa amepewa mtoto akakataa. Waache waseme, nimezoea midomo yao. Mumeo akikasirika, mwonyeshe barua hii, ndiyo maana siifungi. Bwana, ikiwa unaisoma, Kuweti ina watoto wengi, mmoja wa Amu hataijaza. Na mke uliyemwita akukalie nyumbani peke yake kutwa nzima utamkuta ana macho mekundu, na atakwambia ni vumbi.

Bi Rukia anakuja na Salma. Barua hii nimempa mtoto mwenyewe aishike, nimemwambia ampe mtu atakayemfungulia mikono. Nguo zake nimezifua zote. Siku hizi halali mpaka akunwe mgongo, polepole, juu hapa kati ya mabega, na uji hali ukiwa na ngozi juu. Meno mawili ya nyuma yanatoka, akiwa mkali si tabia, ni meno. Kwenye meli mfunge kitambaa mkononi na wewe, anakimbia kama kuku.

Akija, huenda asikukimbilie. Ni wiki sita tu tangu umwache kwangu, lakini huenda. Usimlazimishe na usimgombeze, kaa chini, muache aje mwenyewe. Na akilia anataka mama, na wewe umesimama mbele yake, jua anamtaka nani, na usinichukie. Mwambie yule wa Langoni si mama, ni mama mkubwa. Mwambie kila siku mpaka azoee. Na mimi huku najiambia.

Dada yako.