Namba Tisa

Alhamisi, baada ya magharibi

Miezi mitatu nimemsubiri daktari bingwa wa kina mama avuke kuja Mafia, na leo nimerudi nyumbani Baleni bila kumwona. Kosa ni langu.

Nilikaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri, na karatasi yangu ya namba tisa mkononi. Saa nne akatokea mama mkwe. Nikainuka kumpisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana. Nimekuja kumtazama mgonjwa wodini." Ningemwambiaje mama wa mume wangu kwamba natoka damu mwezi wa nne sasa? "Na wewe, mama?"

"Na mimi vilevile. Mgonjwa."

Basi tukakaa, kila mmoja akingoja mwenziwe aondoke. Ikaitwa tisa, nikaikunja karatasi yangu. Baadaye ikaitwa ishirini na mbili, hakuna aliyeinuka. Mama alikuwa ameinama, anafunga na kufungua pindo la kanga.

Daktari akaondoka. Tukapanda bajaji moja.

Alipoteremka kwake, aliacha doa la damu kwenye kiti. Mtu mzima yule, siku zake zilikwisha kitambo. Nikalipangusa kwa kanga yangu kabla dereva hajageuka.

Nimechoka. Lakini kesho naenda kwa mama, na naanza kusema mimi.